Mama Yake Mbaruku Anaombwa Afike Mizanini

Usiku wa kuamkia leo nimeota tumekwenda makumbusho ya watoto, yale ambayo binti yangu Mwantumu ameyazungumzia wiki nzima mpaka mke wangu Hidaya akaanza kuitikia "ndiyo, Jumamosi" akiwa usingizini. Ni makumbusho ambamo vitu havifungiwi kwenye vioo. Mtoto anashika, anavuta, anabonyeza, anamwaga maji, na hakuna wa kumgombeza. Mimi ni fundi umeme. Maisha yangu yote nimekula kwa kuwaambia watu wasiguse, kwa hiyo hata kabla ya ndoto nilikuwa sina amani na safari hii.

Lazima nieleze jambo moja kwanza. Mwantumu ana miaka sita, na amepewa jina la mama yangu mzazi. Kwetu Tanga mtoto mwenye jina la mzazi wako humwiti hivihivi kama umelelewa vizuri. Mimi namwita Mama. Nikimtuma nasema, "Mama, naomba maji ya kunywa," na akikosea siwezi kumchapa, maana mkono ungemwinukia nani? Hidaya naye humwita mama mkwe, tena kwa mikogo, hasa mtoto akishamwaga uji.

Mama mwenyewe alifariki mwaka jana, mwezi wa Shaabani. Picha zake ninazo. Ila siku hizi nikifumba macho uso nauona, mikono siioni. Nimeisahau mikono ya mama yangu, na hilo linaniumiza kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Basi, tumefika mlangoni.

Mlangoni ameketi kandambili wa kushoto, wa bluu, ukanda wake umeshikizwa kwa waya. Hakuna anayeshangaa. Ametuangalia mmoja mmoja, kama mtu aliyechoshwa na familia za watu.

"Kanuni ni moja," akasema. "Kila mtoto aingie na mkubwa wake. Mtoto ni yupi hapa?"

"Huyu hapa," nikasema, nikamshika Mwantumu begani. "Huyu ni Mama."

Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo ninavyosema kila siku, sokoni, dukani, hata kwa mwalimu wake. Kandambili akaegemea mbele.

"Huyu ni mama yako?"

Mtoto alikuwa ameinua uso ananitazama. Ningemkana vipi mbele yake? "Ndiyo," nikasema.

"Basi mtoto ni wewe."

Hidaya akanifinya kiunoni. "Ulishindwa nini kusema ni binti yako?"

"Nimezoea."

"Na wewe mwenye kapu," kandambili akamgeukia, "ni nani wake huyu mama?"

Hidaya ni mtu mkweli, na ukweli wake umetuponza mara nyingi. "Mimi mkwe wake," akasema.

"Basi tembea nyuma yake. Usimpite bila ruhusa."

Mwantumu hakushangaa hata kidogo. Alinyoosha mkono, akashika kidole changu kimoja, ndicho kilichomtosha. "Nisalimie kwanza," akasema.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Usikimbiekimbie humo ndani."

Sasa tuko ndani. Ukutani pameandikwa GUSA, kwa herufi ndefu kuliko mimi. Chini yake kuna swichi ya taa, kubwa kama mlango, nyeupe, safi, na inanitazama mimi tu.

"Niguse," inasema.

"Siwezi. Sijui nyaya zako zimepita wapi."

"Hazikupita popote. Mimi ni ya plastiki."

"Wote husema hivyo."

Swichi ikaanza kulia. Ililia polepole, bila kelele, na watoto wengine wakaacha michezo yao wakanitazama. Mwantumu akanivuta kidole.

"Mbaruku," akasema. Hajawahi kuniita kwa jina langu, na aliliita kama linavyoitwa na mtu aliyelichagua. "Umemliza mwenzio. Mguse."

Nikaweka kiganja, nikabonyeza. Hakuna aliyeungua. Mbali sana, kupitia dirisha ambalo nilikuwa sijaliona, nikaona taa ya uani kwetu imewaka, taa ambayo haijawaka tangu mwezi wa Mfunguo Pili.

"Ahsante," swichi ikasema, ikijifuta. "Hivi fundi wa nyumba ile ni nani?"

"Ni mimi."

"Mganga hajigangi," ikasema, na Hidaya huko nyuma akacheka mpaka kapu likamcheza mkononi.

Chumba kinachofuata si chumba. Ni pua. Watoto wanapanda ngazi, wanaingia tundu la kulia, wanatambaa, wanatokea tundu la kushoto wakiwa na furaha ambayo siwezi kuieleza. Ndani mna manywele manene kama kamba za katani, na kila unywele umeandikwa GUSA.

"Samahani," ikasema pua, kwa sauti ya mtu mwenye mafua ya zamani. "Nani amekuja na maandazi yenye iliki?"

"Mimi," akasema Hidaya. "Ni ya mama mkwe."

"Mazuri. Lakini iliki hunisumbua. Naomba mtu yeyote asiguse ule unywele wa katikati."

"Umesikia?" Mwantumu akaniuliza.

Nilisikia. Lakini nilikuwa nimeshamliza mmoja siku hiyo kwa kutogusa, na unywele wa katikati ulikuwa umeandikwa GUSA sawasawa na wenzake. Mtu mzima akianza kutii kanuni huwa hana kiasi. Nikaushika.

Pua ikapiga chafya, chafya ikanirusha nje. Nilipita juu ya reli, juu ya mabati ya nyumba za Ngamiani, juu ya mwanamke anayeanika dagaa ambaye alinisalimia na nikamwitikia vizuri, na wakati wote huo kidole changu kilikuwa baridi, kwa sababu hakikushikwa na mtu.

Niliangukia kliniki. Ni ile kliniki ya mama na mtoto, yenye benchi refu na ukuta wa kijani chini, mweupe juu, isipokuwa benchini hakuna akina mama. Kwenye boriti inaning'inia mizani ya kupimia watoto, ile yenye uso wa duara na kaptula ya turubai. Mizani ikanitazama kwa mshale wake.

"Umepotea?"

"Nimepotezwa na pua."

"Waliopotea wote hupimwa kwanza."

Sijui nilivaa vipi ile kaptula. Najua tu kwamba sasa ninaning'inia, miguu haigusi chini, na ninazunguka taratibu upande mmoja kisha upande mwingine.

"Kilo sabini na nane," ikasema mizani. "Mtoto ana afya. Unanyonya?"

"Hapana."

"Chanjo zote ulipata?"

"Sijui. Anayejua ni mama."

"Wote mnasema hivyo," ikasema mizani, na kwa mara ya kwanza sauti yake ililegea.

Kwenye mizani ya pili alikuwa ananing'inia mzee mmoja mwenye tai na suti, anakula biskuti kwa adabu, mkono mmoja umekinga makombo. Alijitambulisha kwamba ni hakimu mstaafu. Nikamuuliza yuko pale tangu lini.

"Mama alisema anakwenda kununua mchicha, anarudi sasa hivi," akanijibu. "Huo mchicha lazima ulikuwa haba."

"Hakuna mwingine wa kuja kukuchukua?"

"Sikuwahi kupata mwingine." Akaikunja karatasi ya biskuti mara mbili, akaitia mfukoni. "Kazi ilikuwa nyingi."

Mizani ikanisomea kanuni zilizobaki. Atakayekuja kunichukua ndiye nitakayekwenda naye, hukohuko anakokwenda yeye. Nisipochukuliwa mpaka saa ya kufunga, nitabaki humo niwe kitu cha kugusa.

"Si vibaya sana," hakimu akaniambia. "Watoto wana mikono laini. Ila chunga masharubu."

Kisha kipaza sauti kikalia juu ya vichwa vyetu. "Mama yake Mbaruku, mtoto wa kiume, shati la mistari, mvi kidogo pembeni, anaombwa afike mizanini. Mama yake Mbaruku."

Kipaza sauti hakikusema mama yupi.

Milango miwili ikafunguka kwa wakati mmoja. Kwa mlango wa kulia aliingia Mwantumu mbio, kiatu kimoja mkononi, na nyuma yake Hidaya na kapu, anahema, lakini hampiti. Kwa wa kushoto aliingia mama yangu.

Alikuwa na gauni lake la nyumbani la maua ya zambarau, mikono imelowa tui mpaka viwikoni, kama aliyeitwa ghafla kutoka jikoni. Alisimama, akanitazama nikizunguka.

"Nani amemning'iniza mwanangu kama popo?"

"Ni utaratibu," ikasema mizani.

"Utaratibu gani? Mtu mzima na ndevu zake!"

Akaja akanishika mkono. Na hii ndiyo mikono. Kiganja kikavu katikati. Gumba limepinda kidogo kwa kukuna nazi. Ukucha wa kidole cha pete umepasuka tangu ulipobanwa na mlango, ukaota hivyohivyo. Nilikuwa nimevisahau vyote, na vyote vilikuwepo, na vilinishika.

"Mama," nikasema, "twende."

Nilitaka kwenda. Siwezi kusema uongo kwa sababu tu ni ndoto. Nilimwona Hidaya na kapu lake, nikamwona mwanangu na kiatu mkononi, na bado nilitaka kwenda.

"Mama wawili, mtoto mmoja," ikasema mizani. "Hapa hatuvutani. Atakayetaja alama ya mwilini ambayo mtoto mwenyewe haijui, ndiye atakayeondoka naye. Mdogo aanze."

Mwantumu akavuta kamasi, akasimama wima.

"Anakoroma," akasema.

"Hiyo ni tabia. Na anaijua."

"Haijui!" Hidaya akasema kutoka nyuma.

"Alama, nimesema."

"Ana doa hapa, kwenye mkono, aliungua na waya."

"Analiona kila siku. Alama asiyoijua."

Mwantumu akanizunguka mzima. Alinitazama miguu, alinitazama mgongo, alinipandisha shati akanitazama tumbo. Akarudi mbele. Mdomo wake wa chini ulikuwa umeanza kucheza.

"Sijui," akasema. "Mimi sikuwepo alipokuwa mdogo."

Hakimu aliacha kutafuna. Mimi nilitaka kumwambia kwamba si kosa lake, kwamba hata mimi sitakuwepo yeye atakapokuwa mzee, lakini maneno yalinitoka yamechanganyika, kama yanavyofanya ndotoni.

"Na wewe, mama mkubwa?" mizani ikauliza.

Mama alikuwa anajua. Niliona usoni mwake. Ana namna ya kubana midomo akiwa na jibu, ile aliyokuwa nayo alipoficha nguo ya Idi chini ya godoro na sisi tunazunguka kuitafuta. Aliachia mkono wangu. Alifunga vizuri kanga kiunoni, akainama, si kwangu.

"Somo," akamwita.

"Naam, somo," Mwantumu akaitika. Ndivyo walivyokuwa wakiitana, wenye jina moja, tangu mtoto ajue kusema.

"Lete sikio."

Akamnong'oneza. Alinong'ona kirefu, na mkono wake ulikuwa unaonyesha kitu hewani, mwendo mfupi wa kushuka. Nilijinyoosha nisikie, kaptula ikanizungusha, nikajikuta natazama ukuta. Niliporudi walikuwa bado wananong'ona, na sasa mama alikuwa anajifuta macho kwa pindo la kanga. Mwantumu akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Akaiendea mizani, akasimama kwa ncha za vidole, akaiambia sikioni, kama mizani ina sikio.

Mshale ukazunguka mduara mzima, ukarudi.

"Sahihi," ikasema mizani. "Mama mkubwa, na wewe taja."

"Mimi nimesahau," mama akasema.

"Umesahau?"

"Uzee, mwanangu."

Aliyasema bila kupepesa. Mama yangu alikuwa anakumbuka deni la sukari la jirani la mwaka wa njaa.

"Mama," nikasema, "hujasahau."

"Kelele. Wewe umeshapata mama, na mwenyewe yuko hapa amekulilia na kiatu kimoja." Akanipangusa uso kwa kiganja chake chenye tui, kwa nguvu, kama anavyopanguswa mtoto anayepelekwa kwa wageni. "Kwangu utakuja, wala usifanye haraka. Chakula hakipoi."

Kisha akamtazama hakimu.

"Na huyu wa nani?"

"Mama yake alikwenda kununua mchicha," ikasema mizani.

"Lo! Amekula?"

"Nimekula biskuti, mama," akasema hakimu.

"Biskuti ni chakula? Shuka, baba. Shuka twende, wali uko jikoni."

Hakimu akaiangalia mizani. Mizani ikatazama pembeni. Mzee akashuka mwenyewe, akanyoosha tai, akafuta makombo kifuani, kisha akampa mama mkono wake kwa aibu kidogo, na mama akaushika kama alivyokuwa ameshika wangu. Wakatoka kwa mlango wa kushoto. Nilimsikia akimuuliza kama anakula pilipili.

Nililia mbele ya watu na mbele ya mizani. Mwantumu alijaribu kunishusha, hafikii. Hidaya akapiga goti.

"Mama mkwe, naomba ruhusa nikupite nimshushe."

"Pita," akasema Mwantumu, na mikono ya Hidaya ikanishika kwapani, na miguu yangu ikagusa chini.

Nikaamka. Kumeshapambazuka, Hidaya yuko uani anasugua sufuria, na chumbani kuna harufu ya chai. Nikahisi kitu kinatembea kichwani mwangu, nyuma ya sikio la kushoto, pale ambapo nywele zinaanzia. Kilikuwa kidole. Mwantumu amepiga magoti juu ya kitanda chetu, ameinama, anapekua nywele zangu kama mtu anayetafuta sindano mkekani.

"Unatafuta nini, Mama?"

"Nimeshakipata."

Akachukua mkono wangu, akakichagua kidole kimoja, akakipeleka mpaka mahali penyewe. Kweli pana kitu. Ni kistari kifupi, kigumu, hakina nywele. Kichwa hiki nimekibeba miaka arobaini na mbili, kinyozi wangu amekizunguka kila mwisho wa mwezi, na hakuna aliyewahi kuniambia.

"Ni nini hiki?" nikamuuliza.

"Wembe," akasema. "Ulikuwa unanyolewa, siku ya arobaini. Ulitikisa kichwa."

Yeye aliendelea kukisugua polepole kwa kidole chake, anafikiri, kama mtu aliyetumwa maneno mawili na amefikisha moja.

"Somo akasema siku ile hakukupa pole," akasema, "kwa sababu alikuwa analia yeye. Basi pole."

"Nimeshapoa, Mama," nikasema.